Maiti ni ya mtu, mzoga ni wa mnyama: je, punda anaweza kuwa zombi?

Mshale ulimkosa aliyelengwa ukampata punda. Ilikuwa Jumamosi usiku, tuko watano sebuleni Sinza, mihogo ya kukaanga na pilipili katikati ya meza, ramani ya pango imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua yanayompata. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza mchezo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua yule punda, ingawa lawama niliitupia dadu. Alikuwa amebeba kamba, mafuta ya taa, chakula cha wiki mbili na fuko la sarafu ambalo wenzangu walilitolea jasho mwezi mzima. Mchezaji mwenye mhusika kuhani akasoma orodha ya mizigo, akapiga hesabu ya uzito ambao wangegawana mabegani, kisha akanitazama.

"Kaka, si nimfufue tu? Awe zombi, atubebee mizigo."

Tukacheka. Halafu meza ikagawanyika. Mmoja akasema haiwezekani, zombi ni mtu, umewahi kuona wapi zombi ng'ombe? Wa pili akamrukia: kwani wale mbwa wa mchezo wa video wa Resident Evil walikuwa wanafanya mazoezi? Wa tatu, ambaye ni mhasibu na anaishi kama mhasibu, akasema hilo si jambo la kubishana, tufungue kitabu cha kanuni. Nikaomba dakika kumi za kuamua. Tulibishana saa nzima, na punda akaendelea kulala njiani.

Tatizo ni kwamba wote watatu walikuwa sahihi. Kila mmoja alikuwa anamzungumzia zombi wake, na neno hilo moja limebeba viumbe ambao hawana undugu zaidi ya jina.

Kiswahili chenyewe, ukikisikiliza, kina upande wake katika ubishi huu. Mtu akifariki huacha maiti. Mnyama hafariki, hufa tu, na anachoacha ni mzoga. Akifa bila kuchinjwa ni kibudu, mbwa wa jirani ndiye wa kupelekewa. Nenda msibani ukauite mwili wa marehemu mzoga, uone kama utatoka na meno yote. Kwa hiyo anayesema zombi ni "maiti inayotembea" ameshamfungia mnyama mlango kabla kesi haijasikilizwa. Anayesema ni "mfu anayetembea" ameuacha wazi. Vitabu vya kanuni za michezo, kama tutakavyoona, vimegawanyika hapo hapo.

Zombi wa kwanza hakumla mtu

Tuanzie kwa zombi mwenyewe, yule wa Haiti. Wanaofuatilia asili ya neno hulihusisha na Kikongo, ambako *nzambi* ni Mungu au roho, jina ambalo wasemaji wa Lingala bado wanalo katika *Nzambe*. Watu wa Kongo walisafirishwa kwa maelfu kwenda kulima miwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, na huko, kwenye mashamba ambayo mtumwa alitegemea kifo peke yake kumpumzisha, ikazaliwa hofu ya kufa halafu usipumzike. Zombi wa Haiti haumi na hasambazi maambukizi. Ni mtu ambaye bokor, mchawi wa huko, amemtoa kaburini ili akalime. Hana nia yake, hana kumbukumbu, hajibu akiitwa jina. Akionjeshwa chumvi, zinasema simulizi, anazinduka na kurudi kaburini kwake.

Msomaji wa Tanzania ameshamtambua. Huyo ni msukule. Kusini, kuelekea Malawi, wanamwita ndondocha. Simulizi ya msukule kila mtu aliyekulia huku ameisikia na shangazi yake anamjua mtu aliyemjua mtu: kilichozikwa ni mgomba, marehemu yuko kwa mchawi, mchana anafichwa darini au nyuma ya mlango, usiku analima, chakula chake pumba.

Hilo la pumba ndilo la kulitazama vizuri. Pumba ni chakula cha kuku na nguruwe. Simulizi inatuambia kwa neno moja kilichompata mtu huyu: ameshushwa akawekwa zizini. Anafanya kazi bila kulipwa, hasemi, anakula anachokula mfugo. Hofu ya msukule, sawa na ya zombi wa Haiti, ni hofu ya mtu kufanywa mnyama.

Sasa jiulize zombi ng'ombe angekuwa nani katika simulizi hiyo. Ng'ombe wa kulima tayari analima bila mshahara, hasemi, anakula pumba. Mchawi ahangaike kumfufua ili iweje, wakati mnadani wanauzwa walio hai? Mimi sijawahi kusikia msukule mbuzi. Wanyama wa wachawi wapo tele katika simulizi zetu, fisi anayepandwa usiku kama bodaboda, bundi, paka, lakini wote hao ni wazima. Katika dunia ile, mchawi akitaka mtumishi asiye na nia huchukua mtu aliyekufa. Akitaka usafiri huchukua mnyama aliye hai. Mgawanyo huo una mantiki kali. Mwenzetu aliyesema "zombi ni mtu" alikuwa amesimama hapo, bila kujua kwamba bibi yake anamuunga mkono.

Kwa nini ng'ombe wa Pennsylvania hawakuamka

Zombi wa pili ni yule anayekula watu, na huyu ana tarehe. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh walitengeneza filamu ya Night of the Living Dead kwa takribani dola 114,000. Ndani yake neno zombi halitamkwi hata mara moja. Wafu wapya wanaamka, wanawala walio hai, na watangazaji wa habari wanakisia kuwa chanzo ni mionzi iliyoletwa na chombo kilichotoka sayari ya Zuhura.

Kama ni mionzi, na imetua mashambani Pennsylvania, mbona ng'ombe hawakuamka? Panya je? Filamu haiulizi, na ilifanya vizuri kutouliza. Ichukue hadithi hiyo kama fundi anavyochukua mlango: watu saba wamejifungia kwenye nyumba ya shambani, wamepigilia mbao madirishani. Mbao zinamzuia mtu anayetembea polepole. Hazizuii panya. Hazizuii kunguru anayeshuka kwenye bomba la moshi, sembuse nzi. Mfufue kila mdudu na kila ndege, na hadithi inaisha kabla msumari wa kwanza haujaingia. Ukuta ndio roho ya hadithi za kujifungia ndani, na ukuta una maana tu dhidi ya adui wa kimo chako.

Ndiyo maana waandishi wengi waliofuata njia hiyo waliamua mapema kwamba mnyama haamki. Katika mfululizo wa The Walking Dead, farasi anaangushwa na kundi la wafu katikati ya jiji la Atlanta na kuliwa. Tumbo linabaki wazi barabarani na hakuna kinachoinuka. Mwandishi Max Brooks, katika mwongozo wake wa mzaha wa kunusurika na mazombi wa mwaka 2003, alikwenda hatua moja mbele akatoa sababu: kirusi chake huua kiumbe yeyote lakini humwamsha binadamu peke yake. Kibaiolojia hilo halina miguu. Kihadithi ni uamuzi wa busara, kwa sababu linawaachia wahusika mbwa wa kunusa hatari, na mbwa mzima ana faida kuliko mbwa mfu.

Ila tangu chanzo kilipohamishwa kutoka angani kuingia maabara, swali la wanyama halikukwepeka tena. Resident Evil ilitoka Japani mwaka 1996. Ukipita kwenye korido moja ya lile jumba, kioo kinapasuka na mbwa aina ya Doberman anaingia, nyama inaning'inia. Mtu yeyote aliyewahi kuushika mchezo ule anaikumbuka korido. Baadaye kuna kunguru, kuna nyoka mkubwa kuliko mlango. Mantiki ni kwamba kirusi kimetengenezwa na watu kwa ajili ya silaha, na silaha haichagui.

Waandishi wa njia hii wote, wajue wasijue, wanamwazima mnyama mmoja wa kweli: mbwa mwenye kichaa. Mate, kuumwa, siku za kusubiri, kisha mtu unayemjua anabadilika mbele yako. Kichaa cha mbwa hakihitaji kubuniwa. Makadirio yanayotajwa sana ni vifo vya watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa. Na kina somo zuri kwa mtunzi. Kirusi hicho hushika mamalia: mbwa, popo, ng'ombe, punda, mtu. Kuku hakimpati, kenge hakimpati. Yaani maumbile yenyewe yameshachora mstari ambao si "binadamu tu" wala si "kila kitu". Mtunzi anayetaka virusi na anataka wahusika wake wapone, mstari wa mamalia anaupewa bure. Ataogopa ng'ombe na popo, ataendelea kula mayai. Train to Busan ya Korea Kusini, ya mwaka 2016, inafungua na paa aliyegongwa na gari barabarani. Dereva anaondoka, paa anajikunjua mifupa na kusimama. Baada ya hapo filamu nzima ni ya watu, kwenye treni. Paa yule anatosha. Ametuambia ugonjwa hauangalii kitambulisho, na ametuacha tukiwa na wasiwasi wa misitu yote ambayo kamera haitaionyesha.

Njia ambayo mimi naipenda kwa uaminifu wake ni ya gesi. Katika filamu ya The Return of the Living Dead ya 1985, kemikali ya kijeshi inavuja ndani ya ghala linalouza vifaa vya kufundishia udaktari. Maiti inaamka, sawa. Lakini ghala hilo lina pia mbwa waliopasuliwa katikati kwa ajili ya vyuo vya mifugo, na nusu mbwa anaanza kuhema na kulia. Vipepeo waliobanwa kwa pini ubaoni wanapiga mabawa. Ni kichekesho na ni kitisho, lakini ni kanuni iliyofuatwa hadi mwisho: kama gesi inaamsha kilichokufa, basi inaamsha kilichokufa.

Mende anayeongozwa kwa pembe

Hapa mtu husimama akasema wanyama mazombi wapo kweli, akatoa simu akaonyesha sisimizi. Sisimizi wa fangasi ni kweli wapo. Fangasi wa kundi la Ophiocordyceps huingia mwilini mwa sisimizi, humtoa kundini, humfanya apande mmea na kuuma jani kwa nguvu asiache. Anafia hapo, na shina la fangasi linachomoza kichwani kumwaga mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uligundua jambo la ajabu: chembe za fangasi zimejaa kwenye misuli, zimeunganishwa kama wavu, lakini ubongo haujaingiwa. Mwili umetekwa, kichwa kimeachwa. Kinyume kabisa cha sinema.

Ila anayenisaidia kwenye hoja yangu ni mende. Kuna nyigu mdogo wa kijani kinachong'aa kama glasi, Ampulex compressa, ambaye Afrika ni kwao pia. Humdunga mende mara mbili. Mara ya kwanza kifuani, miguu ya mbele ilegee kwa muda. Mara ya pili kichwani, kwa usahihi, hadi kwenye ubongo. Baada ya hapo mende anaweza kutembea. Ukimgeuza chali anajigeuza. Lakini hatembei. Anakaa anajisafisha. Nyigu anamkata vipapasio, anakunywa kidogo kinachotoka, kisha anashika kipande kilichobaki na kumvuta hadi shimoni kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani, na mende anafuata kwa miguu yake mwenyewe. Humo nyigu anamtagia yai, anaziba mlango. Kinachofuata unaweza kukikisia.

Mende huyo hajafa. Kwa hiyo si zombi wa kufufuka, na yule rafiki mwenye simu hajashinda. Lakini ametupa kitu kingine. Miguu haijaondolewa, wala nguvu. Kilichoondoka ni nia ya kuanza. Hata mende, kumbe, ana kitu ndani ambacho kikitolewa unaona kwa macho kwamba kimetoka. Mimi nilikuwa nadhani mnyama hawezi kuwa zombi wa maana kwa sababu hana cha kupoteza. Mende amenirudisha darasani.

Tufungue kitabu

Haya, mhasibu. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, na kufufua wafu ni moja ya chachu zake za zamani. Lakini matoleo yake hayakubaliani kuhusu mnyama, na sisi Sinza tunacheza na vitabu vya mtumba vya toleo lililorekebishwa mwaka 2003.

Katika toleo hilo zombi si aina ya kiumbe. Ni kiolezo. Unachukua kiumbe yeyote mwenye mwili, ambaye si mfu tayari, mwenye mifupa ndani, unamvika kiolezo: nguvu inapanda, wepesi unashuka, akili inafutwa kabisa hadi kuwa kistari kitupu mahali pa namba, na kila zamu anafanya jambo moja tu, atembee au apige. Sharti la mifupa ndilo mlango. Simba anapita. Mamba anapita. Pweza hapiti, wala jongoo, wala buibui hata awe mkubwa kama daladala. Papa je, ambaye ana gegedu badala ya mfupa? Hapo nawaachia wenye muda. Kwangu papa anapita, kwa sababu ya meno.

Kisha inakuja hesabu, ambayo ndiyo tamu yenyewe. Kila kiumbe ana dadu za uhai, idadi inayoonyesha ukubwa wa maisha yake. Zombi huongezewa mara mbili. Kuhani anaweza kuamsha, kwa mpigo mmoja, wafu wenye jumla ya dadu mbili kwa kila ngazi ya uzoefu aliyonayo. Na kila dadu ya mfu inataka jiwe jeusi la oniksi lenye thamani ya sarafu 25 za dhahabu, linalowekwa mdomoni au kwenye tundu la jicho la mzoga. Uchawi ukishapita jiwe linabaki ganda lililoungua.

Simba ana dadu 5. Akiwa zombi ni 10. Kuhani wa ngazi ya 5, ndiyo kwanza amepata uwezo huo, anamudu 10 kamili: simba mmoja, sarafu 250, na mfuko umekauka. Kifaru ana 8, zombi wake 16, anahitaji kuhani wa ngazi ya 8 na sarafu 400. Tembo ana 11, na kanuni inasema mwenye zaidi ya dadu 10 kabla ya kuzidishwa hafanywi zombi kwa uchawi huu. Tembo amekosa kwa dadu moja! Lakini kiolezo cha mifupa mitupu hakizidishi dadu na ukomo wake ni 20. Kwa hiyo ukisubiri nyama ya tembo ioze na kudondoka, kuhani wa ngazi ya 6 anamsimamisha kwa sarafu 275, mapema na kwa bei nafuu kuliko kifaru mwenye nyama. Mwandishi wa kanuni hakupanga uchekeshaji huo. Umejitokeza wenyewe, na ndiyo raha ya vitabu vile.

Kuna na hili: katika toleo hilo mnyama hana wema wala uovu, kitabu kinamwandika wa kati siku zote, maana hajui. Akiwa zombi anaandikwa mwovu siku zote, ingawa sasa hana akili hata ile ndogo aliyokuwa nayo. Simba aliyekula watu hana hatia. Mzoga wake usiojua lolote unayo. Nimewahi kuuliza wachezaji walifafanue hilo na hakuna aliyeniridhisha.

Toleo la mwaka 2014 liliufunga mlango. Uchawi wa kufufua sasa unadai maiti au mifupa ya kiumbe wa umbo la kibinadamu, wa kimo cha mtu au mdogo wake. Maiti, si mzoga. Mchezaji hafufui farasi, hafufui mbwa. Lakini fungua kitabu cha viumbe cha mwaka huohuo: yupo farasi wa vita wa mifupa mitupu. Yupo hata zombi wa lile dubwana la duara lenye macho kumi na moja linaloelea hewani, ambalo sijui mifupa yake iko wapi. Na mwaka 2017 kikatoka kisa cha msituni chenye zombi wa dinosaria mla nyama, anayetapika mazombi wadogo aliowahi kuwameza. Wachezaji wapya huona hapo mkanganyiko na kudai haki yao. Hakuna mkanganyiko. Kanuni ya kwanza ni ya mchezaji, ya pili ni ya mwongoza mchezo. Ukimruhusu mchezaji kila mzoga, kesho atapita kwenye ramani yako akitafuta makaburi ya tembo na mapambano yote yatakuwa ya kulinganisha uzito. Mwongoza mchezo anayemweka dinosaria mfu njiani anatisha watu mara moja. Mchezaji aliye naye anachosha watu miezi sita.

Kwenye michezo ya ubao mambo ni mepesi. Zombicide, iliyoanza mwaka 2012, iliongeza mbwa mazombi kwa sababu ya wazi: watu wafu ni wa polepole, mbwa wana kasi, na meza ilikuwa imeanza kuzoea polepole. Huko mnyama ni mwendo tu, hakuna falsafa.

Nirudi kwenye namba za 2014, maana kuna moja inanisumbua. Zombi wa mtu amepewa akili 3. Mtu wa kawaida ana 10. Tembo aliye hai ana 3. Simba aliye hai, 3. Farasi, 2. Bila kuhubiri wala kutaja Haiti, jedwali limeandika kile ambacho pumba za msukule ziliandika: mtu aliyefanywa zombi ameshushwa hadi kwa mnyama, na amemzidi farasi mzima kwa namba moja tu. Lakini ukimshusha mnyama, unamshusha kutoka wapi kwenda wapi? Kwenye akili hakuna ngazi iliyobaki ya maana. Ndiyo maana zombi mnyama wengi wa kwenye michezo wanaishia kuwa mnyama yuleyule, ananuka.

Hapo ndipo mende aliponifaa. Mnyama hapotezi hoja wala lugha, hakuwa nazo. Hupoteza hofu, na hupoteza zile nia ndogondogo ambazo hatuzitazami mpaka zikosekane. Siku hizi nikimleta mnyama mfu mezani simwelezi kwa damu na utumbo. Nasema: mbwa amekuja moja kwa moja, hakunusa. Nasema: farasi amesimama, nzi wamejaa machoni, mkia haujatikisika. Nasema: ng'ombe wote zizini wanatazama upande mmoja. Jumamosi moja nilisema hilo la mkia na mchezaji akasogeza kiti nyuma, kabla hata hajaambiwa kama farasi yule ni adui.

Sarafu mia moja

Tukarudi kwa punda wetu. Toleo la 2003, mifupa anayo, mlango umefunguka. Mhasibu akachukua kalamu.

Punda ana dadu 2. Zombi wake 4. Oniksi ya sarafu 100 za dhahabu. Punda mpya sokoni, kitabu hichohicho, ni sarafu 8.

Kimya kidogo.

"Lakini huyu hali," akasema mwenye kuhani.

Chakula cha mnyama kwa siku ni sarafu 5 za shaba, na dhahabu moja ni shaba 100. Tofauti ya dhahabu 92 ingerudi baada ya siku 1,840, miaka mitano na siku chache. Mhasibu aliisoma hesabu hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya benki. Akaongeza kwamba zombi hufanya jambo moja kwa zamu, kwa hiyo msafara mzima utatembea kwa mwendo wake. Mwenye kuhani akajaribu tena: mfu haogopi mapango. Nikamfungulia ukurasa: punda wa kitabuni, tofauti na farasi, huingia mapangoni akiwa hai.

Alitakiwa aache. Badala yake akauliza wako umbali gani kutoka soko la karibu. Siku tatu. Akauliza mizigo ina uzito gani. Akatazama wenzake, hakuna aliyejitolea. Akatoa lile jiwe ambalo alikuwa amelitunza tangu kisa cha kwanza, na pamoja na madogo mengine likatimia mia.

Nikamwambia unalisukuma jiwe kwenye tundu la jicho, linaungua, moshi kidogo. Mguu wa mbele unakwenda, kisha wa nyuma. Mizigo haijaanguka, kamba zimekaa vilevile. Kuhani anamwita, masikio hayageuki. Mnaanza kuondoka na nyuma yenu kwato zinafuata, pigo moja moja, kwa mwendo usiobadilika penye mawe wala penye tope.

"Unakuja," akasema mhasibu, akiandika.

"Anakuja," akasema mwenye punda.